Ndiyo ya Kasuku

Gosport, 2 Aprili 1811

Na hilo uliloniuliza, Gideon wangu, jibu ni ndiyo, ndiyo, na ndiyo tena. Usiogope kuniuliza mambo makubwa namna hii. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila mimi siketi: kila tanga likipita nipo mlangoni. Mama yako ananicheka, "Mkwe, ndoa ina wiki sita na kizingiti kimeshalika."

Mkeo,
Keziah

Melini, mbele ya Brest, 9 Aprili

Mke wangu mpenzi,
Salamu nyingi. Kifua kimepona, na ndiyo zako tatu zimeshinda dawa. Luteni mwenzangu Penrose anasema, "Bwana harusi, karatasi hiyo utaila?" Nimekwisha kumwambia amiri wa manowari zetu kwamba umeridhia. Napewa unahodha wa meli yangu mwenyewe, miaka mitatu katika bahari za China. Ungekataa, ningeomba kile kituo cha bendera za kuashiria meli hapo kilimani, nile nyumbani kila jioni. Asante kwa moyo wako.

Mumeo,
Gideon

Gosport, 13 Aprili

Mume wangu,
Natumai u mzima, maana mimi si mzima. Miaka mitatu? Tulizipa barua namba kwa sababu mashua za mizigo huzichanganya, nawe hukutazama namba ya barua niliyoijibu, niliyoiandika nyuma ya karatasi. Nilijibu barua ya tatu, ile ya kuniuliza kama uniletee kasuku. Ya nne sijaiona mpaka leo. Mama yako kakaa kitako: "Mwanangu kauzwa kwa ndege." Nami nilicheka, kisha nikalia ndani ya unga wa mkate. Nenda kwa amiri ukaitake ndiyo yangu, uirudishe.

Mkeo,
Keziah

Plymouth, 18 Aprili

Keziah wangu,
Pole, mke wangu. Mama hajambo? Tumetia nanga hapa. Nimekwenda kwa amiri, masikio yananiwaka. Akaniuliza, "Luteni, mkeo alikubali kasuku?" Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akaketi. Amenipa hadi tarehe thelathini nimpe jibu la kweli. Ukisema hapana, nitashukuru tu.

Mumeo,
Gideon

Gosport, 22 Aprili

Gideon wa moyo wangu,
Salamu zako zimefika, na barua ya nne nayo imefika jana, imelowa chumvi. Umeandika kwa adabu: kituo kilimani, jioni, supu ya mama. Lakini kuna mstari umeukata kwa wino mzito. Nimeubandika kwenye kioo cha dirisha, jua likausoma kabla yangu: "Hiki ndicho nilichokingoja tangu nilipopanda meli nikiwa na miaka kumi na miwili."

Uliukata usinivute. Mtu anayekata mstari kama huo, nitamfungiaje kilimani akapeperushe bendera kwa meli za wenzake?

Mama yako ananifungia kapu, ananung'unika kwamba kasuku angekula kidogo kuliko mimi. Ndiyo ya kasuku naifuta. Ndiyo ya meli siipi mashua yoyote. Nitaileta Plymouth mwenyewe, kabla mwezi haujaisha.

Mkeo,
Keziah