Mtihani wa Darasa Lipi kwa Solveig?

Bi Ardith, mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie kabla kichwa hakijanipasuka, maana nina binti wa miaka minane, Solveig, ambaye namfundisha mwenyewe nyumbani tangu aweze kushika penseli, na huku Minnesota, unavyojua, sisi tunaofundisha nyumbani lazima tuwapime watoto kila mwaka, sasa theluji inaanza kuyeyuka na sijui niagize mtihani gani.

Mwaka jana niliagiza wa rika lake, ingawa hesabu anasoma kitabu cha darasa la saba, nikasema umri ni umri, tukakusanyika kanisani na familia wenzetu, watoto wakafanya mtihani ukumbini, akina mama tukapasha moto vyakula jikoni, Solveig akamaliza wa kwanza, akaja kunivuta sketi, "Mama, hayo ya mazoezi nimeyamaliza. Mtihani wenyewe unaanza lini?" Nikamwambia ndio huo umekwisha. Matokeo yakaja kwamba amewapita watoto tisini na tisa katika kila mia, nikayabandika kwenye friji, nikaoka keki, na yeye hakuyaangalia hata mara moja.

Ningeyasahau hayo, lakini majuzi alikuwa anapanga viraka vya blanketi na mama mkwe wangu, Bi Arvilla, mwalimu mstaafu, ambaye hukata viraka vya pembe sita miaka yote, Solveig akataka vya pembe tano, akakata, akapanga mezani, pengo likabaki, akapanga tena, pengo lilelile, nikadhani atalia, kumbe anawaza, halafu akapiga kelele, "Mama, njoo! Haviwezi kubanana! Si kwamba nimekata vibaya, haviwezi kabisa, hata Mungu akikata!" Akanichorea jinsi kona tatu zikikutana zinaacha nafasi na ya nne haina pa kuingia, na mimi, Bi Ardith, sikuelewa mpaka aliponieleza mara ya tatu, lakini mwili ulinisisimka, nikamwangalia mtoto huyu niliyemzaa mwenyewe, meno ya mbele hayajamaliza kuota, nikajiuliza nimepewa nani huyu, na nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Sasa mume wangu Verlin anasema, "Mpe ule wa kuingilia chuo kikuu tuone atafika wapi! Mtoto wa jirani yetu Marlys aliufanya akiwa na miaka kumi na miwili, na yule hata kamba za viatu zinamshinda." Mama mkwe naye, "Mpeni wa rika lake, mwacheni acheze. Mnataka kumfanya maonyesho?" Na mimi, nakiri kwako tu, nimeshauona unaomfaa, ule wa kompyuta ambao ukijibu sawa swali linalofuata linazidi ugumu, nikaufunga ukurasa, nikaufungua, nikaufunga tena, kwa sababu ukionyesha alipofika utaonyesha pia kwamba mimi niliyekimbia hesabu shuleni sina tena cha kumfundisha, na pengine nitanyang'anywa kazi niipendayo kuliko zote. Nifanye nini?

Mama Solveig

*

Mama Solveig,

Kwanza hongera, pili pole, tatu nitakugombeza.

Barua yako ilipofika nilikata karatasi za pembe tano hapahapa mezani. Mhariri wa gazeti akapita, "Bi Ardith, leo umerudi chekechea?" Nikamwambia kaa ujaribu. Akajaribu, akavua miwani, akajaribu tena. Tukabaki tunalitazama pengo lile kama watu wawili waliooneshwa mlango ndani ya nyumba yao wenyewe. Nimezeeka na viraka na sikuwahi kujiuliza hilo. Mtoto wako alijiuliza, kisha akajijibu. Nimestaajabu, na sioni haya kusema.

Sasa kosa lako. Ulichagua mtihani kwa kuhesabu mishumaa ya keki! Mtihani huchaguliwa kwa mahali mtoto alipofika katika masomo. Ukimpima mtu mzima kwa rula ya shule, utakachojua ni kwamba rula imeisha, na hayo ndiyo matokeo uliyoyabandika kwenye friji.

Agiza huo wa kompyuta, leo. Kwanza uliza kama unakubalika kwa sheria. Kama haukubaliki, mpe na ule wa rika lake, autafune, yaishe. Hesabu na kusoma vipimwe kila kimoja peke yake, na insha usiitarajie iwe ya darasa la saba, mkono wake bado ni wa miaka minane. Verlin mwambie chuo kikuu hakihami. Anachotafuta ni cha kumjibu Marlys. Na mama mkwe mwambie mjukuu wake anacheza tayari, aangalie vizuri.

Mwandae Solveig. Mwambie mapema kwamba mtihani huu utampa maswali asiyoyajua, kwamba umetengenezwa hivyo, na kila mtu unamfikisha mahali pa kukwama. Hajawahi kushindwa na karatasi maishani, na mara ya kwanza inauma. Msimamizi awe mtu mwingine. Wewe kaa nje, maana uso wako anausoma kuliko kitabu.

Kuhusu hofu yako sitakudanganya: atakupita. Kwenye hesabu ameshakupita. Mtafutie mtu wa kumfundisha hesabu, hata kidogo kwa wiki, na uache kujiona umefukuzwa kazi. Hukufukuzwa, umebadilishiwa.

Akitoka na machozi, usimuulize amepata ngapi. Muulize ni swali lipi lililomshinda, mpe penseli, kisha vuta kiti ukae upande wa mwanafunzi.