Simama Mwenyewe, Mama

Kwako kitinda mimba wangu,

Pokea salamu za mama yako, kisha keti, maana nina mengi. Kifua kimepona? Unakula, au bado unakunywa chai umesimama kama mlinzi? Sisi huku tu wazima, tunapumua na kugombana. Mkono unaoandika ni wa wifi yako. Mimi shule niliiona paa tu. Nimemwonya asipunguze neno, hata linalomchoma yeye.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Unasema miaka tisa ya kufua mashuka ya hoteli imetosha, unataka kurudi, ila unaona haya kushuka na begi moja. Ulipouliza mara ya kwanza nilikujibu kaa huko huko. Leo nakujibu upya, lakini nisikilize kwanza.

Unamkumbuka binti wa fundi saa, aliyeondoka kabla yako? Amerudi. Alishuka na begi la mgongoni na katoni moja. Mtaa mzima tulijipanga tukidhani ni televisheni. Katoni kufunguliwa, glavu za mpira! Akaitwa Bi Glavu hapo hapo. Kumbe huko alikuwa akitunza wazee wa watu, kuwaogesha na kuwafundisha kutembea upya. Tulicheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni huyu mama yako. Nilisema mtu gani avuke nchi kwenda kuogesha vikongwe, na huku tumejaa tele!

Hujafa hujaumbika. Mwezi huo huo niliteleza bafuni nikavunjika nyonga. Hospitali walinitia vyuma wakanirudisha nyumbani. Wifi yako, Mungu amzidishie, alinilisha kwa kijiko, akaniogesha, akanigeuza kitandani kama mtoto mchanga. Miezi mitatu sikunyanyua hata kikombe. Kila mgeni alimsifu, eti hiyo ndiyo heshima kwa mama mkwe. Miguu yangu nayo ikalegea kama kamba iliyolowa.

Bi Glavu akaja kuniona. Badala ya kunipa pole, akamnyang'anya wifi yako kijiko, akakitia mkononi mwangu. Kisha akaniambia nisimame mwenyewe. Nilimtukana matusi ambayo wifi yako anakataa kuyaandika. Majirani wakasema ng'ambo kumemtoa utu. Yeye akanifunga mkanda kiunoni, akaushika kwa nyuma, akasema matusi yaliyobaki niyamalize nikiwa nimesimama. Nikasimama, mwanangu! Kwa hasira tu, lakini nikasimama.

Sasa natembea mpaka dukani kwa mkongojo, na mwenye duka ameanza kuniogopa tena. Wazee kumi na mmoja humngoja Bi Glavu kila asubuhi, pamoja na yule fundi viatu ambaye hakuwa ameona jua tangu mwaka jana. Wanawe wote wako nje, kama wewe. Mtaa huu mlituachia kufuli na wazee.

Sasa naungama. Yale mafua niliyokwambia kwenye simu yalikuwa nyonga. Niliwakataza wote wasikwambie. Na nilipokwambia ukae huko, sikuwa nakufikiria wewe. Nilipenda kuitwa mama wa aliye ng'ambo, nikaogopa wasije wakakucheka nilivyomcheka mwenzio. Kicheko kile nilikijua makali yake, kwa kuwa kilitoka kinywani mwangu. Nisamehe, mwanangu.

Kuna jingine. Ile nyumba yako uliyojenga kwa pesa za mashuka, iliyokaa miaka minne ikilaza popo, nimevunja kufuli lake. Ndimo wazee wanamonyooshea miguu. Sikukuomba ruhusa, ukikasirika, njoo unifukuze mwenyewe. Chumba cha nyuma hakuna aliyekigusa, ni chako. Bi Glavu anatafuta mwenzake, maana mgongo wake ni mmoja. Anasema aliyeweza mashuka mia kwa siku hawezi kushindwa na vikongwe kumi na mmoja.

Basi rudi. Njoo na begi moja, au hata bila begi. Atakayecheka, atacheka mbele yangu, na sasa nasimama.

Wifi yako anakusalimu sana, na yale matusi atakusimulia ukifika. Watoto wa kaka yako wanagombea nani alale kwako. Tulizana, vaa soksi, ujibu upesi.

Ni mimi mama yako mzazi. Hilo hapo chini ni dole gumba langu.