Jina Lako Lilivyorukwa Jumapili

Baba,

Jana jina lako halikusomwa kanisani. Nimeona nikuambie hilo kwanza, kwa sababu Mama hawezi, na sijui ni nani mwingine angekuambia.

Ilikuwa Jumapili ya kuwakumbuka waumini waliotutoka mwaka huu. Mzee wa kanisa alisoma majina taratibu, kwa mpangilio wa alfabeti, na kila jina liliposomwa watu wa marehemu walisimama. Mama alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, tayari kuinuka. Mzee akasoma Muli. Kisha akasoma Musyoka. Jina lako, Yosia Mulwa, halikuwepo. Mama alikiachia kile kiti, akaiweka mikono yake mapajani, na akabaki hivyo mpaka baraka ya mwisho.

Ameacha kwaya, Baba. Bado anakwenda kufagia ofisi za bandarini, anarudi, anapika, ananiuliza kama nimemaliza kazi ya shule. Lakini haimbi. Shati lako jeupe la kazini limetundikwa nyuma ya mlango na hataki lifuliwe. Zamani nililinusa nikakupata. Sasa linanuka vumbi tu. Nimejaribu tena asubuhi hii. Vumbi tu.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kunusa. Shuleni wenzangu hawaamini kwamba baba yangu alilitunza kabati la wiski kwenye hoteli kubwa, wageni wakija kutoka mbali kumsikiliza, na nyumbani kwetu hapakuwa na tone. Bi Zuhura alipotupangisha vyumba vya juu alisema sharti lake lilikuwa moja: kileo kisipande ngazi zake. Ukaliheshimu. Kwa hiyo ulinifundisha wiski bila wiski. Jumamosi ulinipeleka Liwatoni, kwenye bandari ya wavuvi, nikanusa kamba zilizolowa, mwani, na lami ya moto wanayozibia mashua. Ukasema, "Hivi ndivyo zinavyonukia zile wiski za visiwani Uskoti, wanakokausha shayiri kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi." Mtaa wa Ndia Kuu ulinisimamisha kwenye duka la tende na zabibu kavu, ukasema hiyo ndiyo harufu ya wiski iliyolala kwenye mapipa yaliyowahi kuwekwa mvinyo. Kila mara swali lako lilikuwa lile lile: "Umepata nini?" Nikisema "Nzuri," ulicheka. "Nzuri si harufu, mwanangu. Umepata nini?"

Unakumbuka ulipomweleza Bi Zuhura kwamba wiski ikilala miaka kwenye pipa hupungua yenyewe, na watengenezaji husema kilichopungua ni fungu la malaika? Alicheka mpaka akashika mlango. "Malaika wa kwenu huko bara, Baba Nduku! Wetu hawagusi."

Na wewe pia hukugusa, si kwa kumeza. Uliniambia mwenye kuonja hutia kidogo mdomoni, huizungusha juu ya ulimi, kisha hutema kwenye kikombe, kwa sababu akimeza, pua yake huchoka na wiski ya tatu haiitambui tena. Mwalimu wa kemia alipotuonyesha jinsi mvuke unavyopozwa ukawa maji tena, ni mimi niliyeinua mkono. Nilieleza kwamba mtambo wa shaba ukichemka, yanayotoka mwanzo hutengwa kwa kuwa ni makali na yana sumu, ya mwisho hutengwa kwa kuwa ni mazito na yananuka kama kitambaa kibichi, na ya katikati tu ndiyo huingia kwenye pipa. Mwalimu aliuliza nimesoma wapi. Nikasema, "Kwa baba."

Kisha ikaja ile homa. Ulipona, tukamshukuru Mungu, ukarudi kazini. Siku moja nilitoka shule, na nilipofika mlango wa chini nikasikia harufu ya wali unaoungua. Nilipanda mbio. Ulikuwa umekaa karibu na jiko unasoma gazeti. Moshi ulikuwa umeshaanza kujaa chumba na wewe ulikuwa umeinamisha kichwa kwenye habari za mpira. Nikaepua sufuria. Uliniangalia, ukaangalia sufuria, kisha ukaivuta karibu na uso wako, ukavuta pumzi. Ukavuta tena.

"Nduku," ulisema, "inanuka?"

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa hivyo.

Nilitafuta udi wa Bi Zuhura, karafuu, mafuta ya taa, kila kitu kikali nilichokijua, nikakuletea, nikauliza mimi: "Umepata nini?" Hukupata kitu. Daktari alisema homa ile ilikuondolea harufu; huenda itarudi, huenda isirudi. Hotelini hukusema. Uliwaeleza wageni kwa kumbukumbu, kama mtu anayesimulia njia ya mji alikotoka zamani. Na kwa kuwa pua haikukuambia kitu, ulianza kumeza, labda koo lingekumbuka. Uliniambia hivyo mwenyewe: "Nilidhani itakuwa huko chini." Ulimeza kidogo, kisha si kidogo. Hukuwa ukitafuta kulewa. Lakini ulilewa, Baba. Tuliisikia miguu yako kwenye ngazi.

Bi Zuhura ndiye aliyekuwa akikufungulia. Alikushika mkono, akakuambia, "Baba Nduku, polepole na ngazi." Mama alipoteremka kumwomba radhi na kusema tutahama, alimjibu, "Mhame mwende wapi? Huyu yuwaumwa. Mgonjwa hafungiwi mlango." Hakumwambia mtu yeyote mtaani.

Ulipofariki, daktari alisema ni moyo. Watu walisema ni chupa. Mchungaji hakuja Ukambani kukuzika. Ndugu zako waliimba peke yao, na walipofika mahali pa maombi walitazamana.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mzee wa kanisa kuomba jina lako lisomwe. Bi Zuhura alinisindikiza, amevaa buibui lake, akaketi kwenye ofisi ya kanisa kama yuko kwake. Alisema, "Mimi ni mwenye nyumba. Miaka yote aliyokaa kwangu hakuniingizia hata kizibo." Mzee akamuuliza kama uliwahi kurudi umelewa. Bi Zuhura akajibu, "Sikuja hapa kumsema maiti." Ndipo mzee akanigeukia. "Wewe ni mtoto wa shule, umefundishwa vizuri. Baba yako alikuwa akinywa?"

Nilieleza kuhusu kutema. Akacheka. "Binti, mtu atie wiski mdomoni halafu aiteme? Hata paka hatemi maziwa." Nikaeleza kuhusu homa, wali, na pua. Hapo hakucheka. Aliuliza, "Lakini mwishoni alimeza?"

Nikasema ndiyo.

"Umesema kweli. Mungu akubariki," alisema, akatufungulia mlango.

Njiani nililia. Bi Zuhura akasema, "Inua kichwa. Mwenye kusema kweli haangalii chini." Lakini Mama nilipomweleza aliacha kukatakata sukuma, akaweka kisu chini. "Ungesema hapana. Neno moja tu, Nduku. Angelisoma." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Na jana, wakati wa Muli na Musyoka, nilifikiri: neno moja. Mama angesimama. Watu wangegeuka, wangemwona amesimama kwa ajili yako. Sijui nitaishi vipi na hilo. Naomba usiku, na maombi yanafika dari na kurudi.

Nimelifikiria tena leo. Ningesema hukunywa, angesoma jina la mtu mwingine anayeitwa kama wewe, mtu ambaye hakupoteza kitu na hakukitafuta. Mama angesimama kwa ajili ya mtu huyo, na wewe ungebaki nje. Sitaki usomwe nusu. Namtaka yule aliyetema miaka yote na yule aliyemeza mwishoni, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa baba yangu.

Mzee hakucheka nilipofika kwenye wali. Hilo nalishikilia. Ni kidogo, lakini nililiona kwa macho yangu.

Lala salama, Baba. Mwaka ujao nitarudi kwenye ofisi ile, na nitasema maneno yale yale, yote, bila kupunguza hata moja. Nikikataliwa nitarudi mwaka unaofuata. Mama nitamwomba tuende pamoja, na ikiwa hataweza, atanisubiri nje. Siku watakaposoma, nitasimama mimi kwanza, ili yeye apate wa kumshika.

Mwanao,
Nduku