Godoro Kati Yangu na Mama Mkwe

Ijumaa, Tororo. Asubuhi mawingu, mchana jua la kuchoma, jioni mvua.

Leo niliamka na uamuzi. Si kawaida yangu. Kawaida yangu ni kuamka na njaa.

Kesho likizo inaisha, tunarudi nyumbani Busia, na Jumatatu watoto wanafungua shule. Kwa hiyo lililokuwa halijafanyika lilikuwa lifanyike leo. Nilijiambia hivyo mbele ya kioo cha bafuni, nikakaza mkanda tundu moja zaidi ya lile la kawaida, kisha nikaurudisha kwa sababu nilikuwa nataka pia kupumua.

Kwa wewe unayeingia hapa mara ya kwanza: mimi ni wakala wa forodha, Busia ya Kenya. Kila siku ya kazi navuka mpaka kwa miguu nikiwa na karatasi za mizigo ya watu, nafika kwenye yadi ya malori upande wa Uganda, nagongesha mihuri, narudi kunywa chai upande wangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kulala Uganda hata usiku mmoja. Mke wangu Taaka alipotangaza kwamba mwaka huu familia itakwenda likizo nchi za nje, nilikubali haraka kabla hajataja Dubai.

Tororo, nikasema. Ni nje. Wana rais wao na pesa zao.

Kutoka kwetu ni chini ya saa moja kwa gari. Wenzangu kazini waliniuliza kama nimepata kiti cha dirishani.

Lakini nimeupenda mji huu. Napenda yale maduka ya zamani yenye baraza pana, na ule mwamba mkubwa uliosimama katikati ya kila kitu kama mgeni aliyekataa kuketi. Juzi Taaka na watoto wetu wawili, Nabwire na Wandera, waliupanda hadi kileleni. Mimi nilifika kwenye ngazi ya kwanza ya chuma, nikajitolea kulinda viatu. Taaka alipanda, akashuka salama, akanicheka njia nzima, kisha akateleza kwenye vidato vitatu vya ngazi ya gesti yetu na kuteguka mguu. Sikusema neno. Nilitaka sana kusema neno.

Huo mguu ndio ulioniletea kazi ya leo.

Tumekuja na mama mkwe. Na kwetu, angalau kwa wazee wa upande wa mke wangu, mkwe na mama mkwe wana heshima yao. Hampeani mkono. Hamli meza moja. Hamkutani kwenye korido, hamtazamani machoni, wala hamsemeshani ana kwa ana. Ipo siku ya kuyamaliza haya: mwanamume analeta mbuzi na blanketi, watu wanakula, mama mkwe anampa mkono, basi. Mimi siku hiyo nimekuwa nikiipanga Desemba. Kila Desemba.

Sasa fikiria heshima hiyo ndani ya gesti yenye korido moja na bafu moja. Kila ninapotoka chumbani nakohoa kwanza, ili ajue napita na ajifiche. Nimekohoa wiki nzima. Jumatano mhudumu aliniletea chai ya tangawizi bila kuagizwa.

Na mama mkwe hakuja Tororo kutazama mwamba. Alikuja kwa jambo moja. Dada yake mkubwa aliolewa huku na Mpadhola, mtu wa kabila la hapa, ndani kabisa kijijini Nabuyoga, na hawajaonana tangu kabla Wandera hajazaliwa. Simu hazisaidii, kwa kuwa dada mtu masikio yamekufa. Ukimpigia, anaiweka simu sikioni kwa adabu, anaitikia kila kitu, kisha anawaambia wanawe kwamba amepigiwa na mtu fulani. Miaka yote hii mama mkwe amekuwa huyo mtu fulani.

Tulimwahidi tutampeleka Jumatatu. Jumatatu watoto walitaka bwawa la kuogelea. Jumanne Taaka alitaka soko. Jumatano mwamba, jana mguu. Mama mkwe hakulalamika. Ila kila asubuhi alivaa nguo yake ya kanisani, akaketi kitandani karibu na godoro alilomnunulia dada yake, na kila jioni akaivua. Nabwire ndiye aliyenieleza. Alinieleza kama mtu anayesoma mashtaka.

Basi leo asubuhi nilisema mbele ya mlango wa chumba cha mama mkwe, ambamo Taaka na watoto walikuwa, kwa sauti ambayo hata ukuta ungeisikia, "Taaka, mwambie mama ajitayarishe. Nampeleka mimi."

Taaka akauliza kutoka ndani, "Wewe na nani?"

"Mimi na yeye."

Nabwire alikuwa abaki amkande mama yake mguu na amchunge mdogo wake. Nikasikia mama mkwe akijibu taratibu, kwa Kisamia, kwamba kama baba Nabwire amesema, basi amesema. Na kwamba yeye yuko tayari tangu Jumatatu.

Hiyo ya mwisho ilinipata.

Teksi haikuwa tatizo. Mama mkwe alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na godoro lililokunjwa, nikitazama nje dirishani kama mtalii. Tatizo lilikuja kwenye kituo cha maduka, lami ilikotuacha. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza barabara uji, dereva akaitazama na kusema gari lake si mtumbwi. Mbele ilikuwa pikipiki tu, na mpango wangu ulikuwa pikipiki mbili, ya heshima na ya kwangu.

Palikuwa na moja. Waendeshaji wengine wote walikuwa wamekwenda kusindikiza maiti ya mwenzao.

"Na mimi nakwenda matanga," akasema yule mmoja, kijana mwenye koti la mvua la manjano. "Safari moja tu. Mnapanda ama hampandi?"

Nikamwambia ampeleke mama, mimi nitatembea.

"Na godoro?"

"Lifunge nyuma."

"Mpira ya kufunga wamechukua, wamefungia jeneza. Godoro inataka mtu ya kushika."

Nilisimama palepale nikatazama barabara. Kuna wanaume wangerudi Tororo saa ile na hakuna ambaye angewalaumu. Mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza, kama nisingeikumbuka ile nguo ya kanisani, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imesimama hatua chache kutoka kwangu, imenipa mgongo, mkoba kwapani.

Mama mkwe akamwita yule kijana. "Mwambie yule baba, godoro likae katikati."

Kijana akanigeukia. "Anasema godoro ikae katikati."

"Nimesikia."

"Kama umesikia, mimi nasema ya nini?"

"Mwambie ni sawa," nikamwambia.

Akamtazama mama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Mama, anasema ni sawa."

"Nimesikia," akasema mama mkwe.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Kijana mbele, mama mkwe nyuma yake amekaa upande, kisha godoro limesimama wima kama mtu wa nne, kisha mimi pembeni kabisa mwa dunia, nusu ya makalio kwenye chuma cha kubebea mizigo na nusu nyingine Kenya. Nililikumbatia godoro lile kama ndugu aliyepotea. Sikuona kitu. Niliona maua mekundu ya kitambaa chake tu, na kila shimo nililijua lilipokwisha kupita. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinuka kututazama. Mmoja aliuliza kitu kwa Kidhopadhola, kijana akamjibu, wote wakacheka mpaka tukapotea. Sikuuliza amejibu nini. Mtu wa umri wangu ana haki ya kutojua mambo mengine.

Nyumbani kwa dada mtu nilipokewa na mwanawe, Othieno, mtu wa rika langu. Alielewa bila kuelezwa. Dada wa mama mkwe naye ni mama mkwe wangu, kwa hiyo alinichukua moja kwa moja hadi nyuma ya ghala la mtama, akanipa kiti na chai, nikaketi nimeupa uwanja ubavu. Nilikuwa nimekuja safari yote ile kuwakutanisha watu nisiopaswa kuwatazama.

Lakini masikio hayana heshima. Nilisikia mlango. Nilisikia fimbo ikigonga chini. Kisha sikusikia chochote kwa muda mrefu, nikaogopa, nikainama kidogo kando ya ghala.

Nilichoona ni miguu. Jozi mbili za miguu ya wazee, moja ina viatu vya kanisani na moja haina viatu, zimesimama zimekaribiana mno, vidole kwa vidole, hazisogei.

Nikarudi kunywa chai yangu. Ilikuwa na moshi, macho yalinitoka machozi. Othieno alikubali kwamba ni moshi.

Baadaye godoro lilitandazwa barazani, wakakaa juu yake, wakaletewa ungo wa njugu wamenye. Nilitarajia maneno. Miaka yote ile, vifo, ndoa, wajukuu. Hapakuwa na maneno. Ni maganda tu yaliyokuwa yakivunjika, tap, tap, tap. Mara moja moja dada mtu alisema kitu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake.

"Yule mnene nyuma ya ghala ni nani?"

Nadhani mama mkwe alimjibu kwa ishara.

"Mkwe wako? Wa Taaka?" Tap, tap. "Mbona amekuwa hivyo? Mnampa nini?"

Othieno alilazimika kuweka kikombe chini. Kisha nikasikia sauti ambayo tangu nioe sikuwahi kuisikia: mama mkwe anacheka. Si kile kicheko cha kanisani. Kilitoka tumboni, kikaisha, kikaanza tena. Kama bei yake ni tumbo langu, ni bei nafuu.

Jioni mawingu yalikusanyika na kijana wa koti la manjano akatokea, peke yake, kama tulivyoagana. Wenzake walikuwa bado wanakula kwa marehemu. Wale dada wawili waliagana kwa kushikana mikono na kusahau kuiachia. Othieno ndiye aliyeiachanisha, kidole kimoja baada ya kingine, akisema mvua, mama, mvua.

Hapo ndipo sote tulipokumbuka kwa pamoja. Godoro linabaki.

Mama mkwe aliitazama pikipiki. Mimi nilitazama mbingu. Dada mtu, ambaye hasikii lakini ameishi, akaingia ndani na kutoka amemburuza mjukuu na mjukuu ameliburuza gunia la njugu, nusu gunia, zawadi ya nyumbani. Likawekwa katikati.

Nusu gunia la njugu si godoro. Linafika tumboni. Juu yake palikuwa pamebaki hewa tu, na kwenye hewa hiyo palikuwa na kitambaa cha kichwa cha mama mkwe, ambacho nilijitahidi kukitazama kana kwamba hakina mtu. Nilishika gunia kwa mikono miwili na macho nikayaelekeza mbali, Malaba mpakani.

Mvua ilitukuta nusu ya njia. Pikipiki ilianza kucheza, kushoto, kulia, kijana anakanyaga tope kwa miguu yote miwili. Pale kwenye mteremko nyuma ikachomoka kabisa, nikajiona nakwenda.

"Baba Nabwire," sauti ikasema, "kaza mikono, utaanguka."

Hakumwambia kijana. Aligeuza kichwa nusu na kuniambia mimi.

Nilikaza. Tukasimama sawa. Mvua ilikuwa inanipiga usoni.

"Mwambie nimekaza," nikamwambia kijana.

"Mwambie wewe," akasema bila kugeuka. "Mimi naendesha."

Tulikwenda kipande kizuri cha barabara, injini tu na mvua.

"Nimekaza, mama," nikasema.

Aliinua ncha ya shuka aliyojifunika na kulifunika gunia, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa juu ya gunia, ikafunikwa nayo.

Sasa nimekaa uani kwenye gesti, nimebadilisha nguo, nakula peke yangu kama nilivyokula wiki nzima. Dirisha la chumba chao liko juu ya kichwa changu. Mama mkwe anawasimulia Taaka na watoto, na ninasikia amefika pale kwenye "yule mnene." Wandera anaomba airudie. Anairudia, na safari hii ameongeza mambo. Nikipita kwenda bafuni nitakohoa, ndiyo. Lakini nitakohoa kidogo.

Nimempigia Othieno kumshukuru. Nilimwuliza pia mbuzi mzuri huko kwao anapatikana wapi. Akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa Desemba, na akacheka, kwa hiyo nadhani Taaka amekwisha kumweleza habari za Desemba zangu. Nikamwomba anichagulie mbuzi huyo sasa, amfunge kamba, aanze kumlisha. Nimemwambia nitakuja kumchukua mwenyewe, na kwamba nitakapokuja nitakuja na mama mkwe, amwone tena dada yake. Sasa yuko mbuzi anayenijua kwa jina. Siwezi kurudi nyuma.

Kesho saa za asubuhi tutakuwa mpakani. Ninaijua foleni ile kuliko sebule yangu. Mama mkwe atatangulia, kisha gunia, kisha mimi.

Gunia nitalibeba mwenyewe. Na nimeamua kulibeba begani, lisizibe kati yetu.