Mchawi wa Skelby na Madaftari Kumi na Manne

Jumatatu, 7 Oktoba

Wamefika. Malori sita, yameziba mtaa mzima mpaka kwa mwoka mikate. Watu wa filamu wamevaa makoti meusi, wote, utadhani wamekuja kuzika. Kumbe wamekuja kufukua. Wamekuja kumfukua babu yangu.

Si kwa sepetu. Kwa kompyuta. Filamu yenyewe ni hivi: wanasayansi wanailisha kompyuta maandishi ya mchawi wa zamani, mchawi anafufuka ndani ya mashine, anatokea kwenye simu za wanafunzi, anawamaliza mmoja mmoja. Na mchawi huyo ni Aubrey Thackwell, Mchawi wa Skelby, aliyekufa mwaka 1947 kwa kujikwaa ngazini, joho lake la zambarau likiwa limemzidi urefu. Baba wa baba yangu.

Mwongozaji ni Piers. Ananiita mpenzi. Anamwita kila mtu mpenzi — nimemsikia akimwita hivyo mbwa wa tarishi. Anasema filamu yake haina mwandishi. Kila neno la mchawi linatoka kwenye madaftari kumi na manne niliyoyateremsha darini mwezi wa nne na kumkabidhi kwa sahihi. Kompyuta imeyasoma yote, sasa inazungumza. "Ni yeye, mpenzi! Ni yeye mwenyewe!"

Mimi sijawahi kuyafungua. Kwetu yaliitwa madaftari ya babu, na mambo ya babu hayakuguswa.

Nilipokuwa mtoto, mama yake Maureen, jirani yangu, alikuwa akimvusha binti yake upande wa pili wa barabara akituona tunakuja. Leo Maureen kawaambia watu wa filamu kwamba yeye na ukoo wetu ni damu moja, kasoro damu. Mwoka mikate naye anauza andazi jeusi liitwalo Mchawi. Nimelionja. Makaa.

Nimekaa miaka thelathini mapokezi kwa daktari wa meno. Leo nimetambulishwa kama "mrithi wa giza." Nikapewa kiti chenye mto.

Jumatano, 9 Oktoba

Jaribio la kwanza, ukumbi wa kanisa. Lucian Stroud ndiye mwigizaji mkuu — miaka sabini na moja, pembe za mpira, mtu mpole, anashukuru kwa kila kikombe cha chai. Kompyuta wameipa sauti yake, wakaizamisha chini mpaka viti vinatetemeka. Msichana wa mitambo anaitwa Imogen, nywele za kijani.

Taa zikapunguzwa. Lucian akasimama mbele ya spika, akanyoosha mikono: "Ewe bwana wa yasiyoonekana! Nena! Wataka nini kwetu?"

Kisha ile sauti, nzito kama jiwe la kusagia:

"Kwanza funga mlango. Mnataka kupasha moto mtaa mzima?"

Piers akashika kifua. "Mmesikia? Mtaa mzima! Moto! Anataka kuuteketeza mtaa mzima!" Akalia machozi, kweli kabisa. Mtu wa kamera akajikunyata. Mimi nikaenda kufunga mlango, maana ulikuwa wazi kweli.

Sentensi ile nimeisikia mahali. Wapi?

Ijumaa, 11 Oktoba

Mambo haya! Wakati wa chakula cha mchana watu wa filamu wakienda kula, wenyeji wanaingia ukumbini kimyakimya na kumwuliza mchawi shida zao. Imogen anawaruhusu. Anasema mashine inahitaji mazoezi.

Maureen alitangulia, kama kawaida yake. Akasema mume wake Ken hajazungumza naye tangu Pasaka, ila kuhusu mpira. Sauti ikanguruma: "Mwandalie mezani chumba cha pili, peke yake, siku tatu. Akiuliza kuna nini, mwambie hakuna."

Maureen akatoka mweupe kama chaki. "Ametisha," akaniambia. "Lakini nitajaribu."

Kisha akaja Kasisi Judith, uso umekunjwa, kulalamikia mapepo kwenye mali ya kanisa. Nilimwona akianza vizuri, kidole juu. Baada ya dakika kumi alikuwa ameinama anaandika. Alikuwa amemuuliza namna ya kutoa nta ya mishumaa kwenye kitambaa cha madhabahu! Karatasi ya kaki, pasi isiyo na moto mwingi. Kasisi! Anamuuliza shetani mambo ya pasi!

Piers karudi, kakuta foleni imefika mlangoni. Kasema ni ushahidi wa nguvu za giza.

Jumapili, 13 Oktoba

Ken ameongea. Jana jioni, akiwa na sahani mkononi, amemuuliza mkewe amekosa nini. Maureen alipiga kelele za furaha mpaka nikadhani kuna moto.

Na leo kanisani tulikuwa watu tisa. Wengine walikuwa wamesimama nje ya ukumbi uliofungwa, wanasubiri kesho.

Lakini si hayo ninayotaka kuandika.

Nilimwomba Imogen daftari moja nikalitazame nyumbani. Akanipa la tisa, akaniangalia kidogo. Nikalifungua mezani. Mwandiko ule ninaujua! Nikaenda kwenye kabati, nikatoa kadi niliyopewa nilipotimiza miaka saba: "Kwa Rosalind. Soma sana. Usiolewe haraka." Ni mkono uleule, hata ule mkia wa herufi unaozunguka kama wa paka.

Bibi yangu. Dorothea.

Aliishi miaka ishirini na mitano baada ya mumewe, akifua mapazia ya watu. Mimi namkumbuka kwa harufu ya sabuni na kwa kugomba: futa miguu, funga mlango, mnataka kupasha moto mtaa mzima? Nimeikumbuka sasa. Alikuwa akisema kila siku ya Mungu.

Kwenye ukurasa wa kumi na mbili ameandika hivi: "Aubrey amelala. Anataka sura ya Misri iwe tayari Alhamisi, wale watu wa London wakija wasomewe. Misri hajafika. Hata bahari hajavuka, anatapika. Basi nimekwenda mimi."

Na akaenda! Kurasa arobaini. Mto, vumbi, makaburi yenye ngazi za kushuka, mapepo yenye vichwa vya mbwa yanayovua viatu kabla ya kuingia ndani. Bibi ambaye hakupata kufika mbali kuliko Grimsby. Nimesoma nimesimama, koti sijavua. Chai imepoa.

Nimelia kidogo. Halafu nimekasirika — sana — na sijui nimemkasirikia nani zaidi, yeye babu au sisi tuliobaki, tuliokaa na madaftari yale darini miaka yote tukisema ni ya babu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemwambia Piers. Nilijiandaa tangu alfajiri kama ninakwenda mahakamani. Nikamwekea daftari na kadi mbele yake, nikamwambia: mchawi wako ni bibi yangu. Anaitwa Dorothea. Kila neno linalowatetemesha ni lake.

Akasoma. Akasoma tena. Akakaa.

"Rosalind mpenzi," akasema, kwa sauti ya daktari anayeleta habari mbaya, "nani atamwogopa mke wa mtu?"

Maureen alikuwa anapita na trei ya maandazi. "Huyu hajaoa," akasema, akaendelea na safari yake.

Piers akanikumbusha kwa upole kwamba kwenye karatasi niliyotia sahihi nimethibitisha maandishi ni ya Aubrey Thackwell. Mabango yameshachapwa: MANENO YAKE MWENYEWE. Waandishi wa habari wanakuja Ijumaa. Akamgeukia Imogen: "Mtoe huyo mwanamke. Mtoe kabisa. Nibakishie mzee."

Imogen akasema inawezekana. Akasema — na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua tangu zamani — kila mahali babu aliposema kitu kweli, bibi ameandika mbele yake: "A. anasema."

"Safi!" Piers akapiga makofi. "Niachie hayo tu. Mchawi halisi!"

Nilipotoka sikusalimu mtu.

Jumatano, 16 Oktoba

Kumi na moja!

Madaftari kumi na manne, miaka ishirini na miwili ya ndoa, na "A. anasema" imetokea mara kumi na moja. Imogen aliyasoma kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, mbele ya wote, bila kucheka. Mara tisa babu anasema ulimwengu haumwelewi. Mara mbili anasema: "Niletee jini."

"Anaita majini!" Piers akaruka.

"Hapana," akasema Imogen. "Ile pombe, ya chupa. Bibi ameandika pembeni: imebaki nusu."

Wakawasha kamera hivyohivyo. Lucian akanyoosha mikono: Ewe bwana wa yasiyoonekana, wataka nini kwetu? Spika ikanguruma: "Ulimwengu haunielewi." Akajaribu tena, akabadilisha swali, akaomba, akatishia, akapiga magoti — na magoti yake yale! "Ulimwengu haunielewi." Mara ya nane Lucian akavua pembe, akaziweka juu ya piano, akasema samahani, yeye ameigiza na walevi miaka hamsini, lakini walevi hai.

Mchana foleni ikaja kama kawaida. Mzee mmoja aliuliza kuhusu mkono wake unaokufa ganzi. Akaambiwa alete jini. Kasisi Judith akasema hii sasa ni upuuzi mtupu, yule wa zamani alikuwa mtu wa maana. Akajisikia anavyosema, akafunga mdomo.

Nilipobaki na Imogen akanirudishia bibi kidogo, kwa mashine, nimuulize ninachotaka. Nikauliza: ulikuwa ukiniitaje, jikoni, tukiwa wawili? Ile sauti ya Lucian ikasema mtoto mzuri huitwa kwa jina lake. Si kweli. Alikuwa ananiita Kijiko. Hayo hakuandika popote, basi mashine haina. Nilikaa pale nikatazama vile vitaa vya kijani. Si yeye. Ni nguo zake tu, zimeanikwa, upepo unazitikisa.

Lakini nguo ni zake.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika haya jikoni mwa ukumbi wa kanisa. Mlango nimeufunga kwa ufunguo. Madaftari yote kumi na manne niko nayo hapa, kwenye kapu la nguo. Nimeyachukua asubuhi kutoka meza ya Imogen. Aliniona, akaendelea kunywa kahawa yake.

Lucian yuko humu na mimi. Sikumteka! Alikuja kutafuta biskuti nikiwa nafunga. Amekaa juu ya kasha la viti, rangi nyekundu usoni, anasoma daftari la tisa. Midomo inamcheza. Mara moja tu ameinua kichwa: "Haya mapepo yanayovua viatu — ni ya kwake kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema miaka hamsini hajapewa kitu kama hiki, akarudi kusoma.

Nje kumejaa. Piers anabisha tangu saa tano. Bila bibi hana filamu, analijua hilo sasa, anamtaka bibi mzima arudi kwenye mashine — Imogen ameshamfuta humo, harudi bila madaftari haya — na waandishi wa habari wanaingia saa sita. Imogen ametumwa stesheni kuwapokea. Kwanza Piers alinitajia karatasi niliyotia sahihi. Kisha akaniambia nifikirie kijiji, mwoka mikate, paa la kanisa. Kisha Kasisi Judith akaitwa anisihi, akasema kupitia mlangoni, "Rosalind, usinisikilize mimi," akaondoka.

Ken naye amepaza sauti: "Kaa humohumo, mama!" Ken!

Saa sita kasoro dakika tisa. Piers amepitisha karatasi chini ya mlango, na kalamu. Ameandika kwa mkono, wino bado mbichi. Itawekwa mwisho wa filamu, kwa herufi ndogo, lakini itawekwa: "Maneno ya Aubrey Thackwell, kwa msaada wa mkewe."

"Umefurahi, mpenzi? Tumemtaja!"

Nimemwonyesha Lucian. Ameisoma ameinyoosha mbali na macho, kama mtu asiye na miwani. Amenirudishia, ameacha alama ya kidole chekundu pembeni.

Nimeinama kwenye tundu la ufunguo. Nimemuuliza Piers: "Mkewe nani?"

Kimya.

Jumanne nilimtajia jina lile usoni, mezani, kidole changu kikiwa juu ya daftari.

Kimya bado. Kasoro dakika nne. Sasa nasikia ananong'ona. Anamuuliza Maureen — Maureen, damu yetu kasoro damu — upesi, upesi, yule bibi alikuwa anaitwa nani?

Na Maureen anasema ngoja. Ngoja kwanza. Jina analo mdomoni.