Pazia la Madhabahuni

Mwenzangu uko wapi?

Si unalijua lile pazia la madhabahuni, aliloniagiza mzee wa kanisa? Leo niko juu ya ngazi nalitundika, kwaya inafanya mazoezi, mara mzee huyo anaingia. "Shuka! Hapo ndipo anapokaa Mungu! Mwanamke hapandi!"

Mbele ya kwaya nzima. Mwanamke hapandi!

Na zile siku sita pazia liko kitandani kwangu nalishona, Mungu alikuwa anakaa wapi?

Nikashuka. Ila nilishuka na uzi mkononi. Vile vitambaa viwili vya pazia nilikuwa nimeviunga kwa bandi tu, ule mshono wa muda, nije kupitisha cherehani nikishaona linavyokaa. Kila nikishuka kidato, navuta. Likaachia lote, kutoka juu mpaka chini.

"Umelipasua!" mzee akapiga kelele.

Nikamwambia, "Lile la hekaluni Mungu alilipasua mwenyewe, siku Yesu anakata roho. Wewe nani kakutuma ulishoneshe upya?"

Nikatoka zangu.

Uzi ninao kwenye mkoba. Akikuuliza lini nitarudi kulitundika, mwambie mwanamke hapandi.