Kisu cha Jumatatu

Jumatatu, 9 Juni

Miezi minne tangu nitoke Rubavu. Leo tumeanza kukata mpunga wa shamba la karibu na mfereji. Tope mpaka magotini, jua la Bugarama kichwani. Kwetu mlimani mwezi huu watu wanavaa makoti. Hapa hata kivulini mtu anatoka jasho.

Kapita, msimamizi wetu, katukana watu wawili kabla hatujanywa uji. Mmoja ni mimi. Kasema nasimama shambani kama mtu anayetafuta mbuzi wake.

Mke wangu Espe hajajifungua. Siku yake ilishapita tangu wiki jana. Simu yake haipatikani. Ama hakuna umeme, ama hataki kusema nami. Yote mawili yanawezekana.

Jumatano, 11 Juni

Espe kapiga simu wakati wa chakula. Daktari kamwambia maji ya mtoto yameanza kupungua, kungoja zaidi si vizuri. Njia ni mbili, achague.

Moja, waanzishe uchungu. Wanaingiza mpira mdogo, wanaujaza maji, mlango wa kizazi unafunguka polepole. Vidonge hawawezi kumpa, kwa sababu ana kovu. Bahati, mtoto wetu wa kwanza, alitolewa kwa kupasua baada ya mama yake kuteseka siku mbili. Daktari anasema kovu mara nyingi linashika. Lisiposhika, ni mbio za kuokoa watu wawili.

Njia ya pili, wampasue tena, Jumatatu, kwa utulivu. Lakini kidonda juu ya kidonda si jambo dogo, na mimba itakayofuata itakuwa na shida zaidi.

Nikamwambia aanzishwe uchungu. Sikufikiri sana. Nilifikiria maharage yaliyo shambani, ndoo za maji, kuni. Mwanamke aliyepasuliwa hagusi jembe wiki sita. Nani atalishika? Mimi niko huku nakata mpunga wa watu.

Nilisikia kuku wetu, kisha simu ikakatika.

Alhamisi, 12 Juni

Mamakwe kapiga. Simpendi, na yeye anajua, na mimi najua kwamba anajua. Kasema kwao hakuna mwanamke aliyewahi kupasuliwa mpaka nilipokuja mimi na vichwa vikubwa vya ukoo wetu. Kasema hospitali wanapenda kisu kwa sababu hawana subira. Anataka Espe azae kama wanawake.

Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake tunakubaliana. Ilinikera.

Jioni nikamweleza Papa Neema. Ni mtu wa kisiwa cha Nkombo, tunalala chumba kimoja, anakoroma kama injini ya mtumbwi. Hakuacha kula. Kasema, "Mke wangu balimupasua mara mbili. Na bado ananipiga." Wote chumbani wakacheka. Sikucheka.

Nilimwomba kapita ruhusa. Kaniuliza kama mimi ndiye mkunga. Anayeondoka kabla ya mavuno kuisha asirudi msimu ujao. Ningempiga, lakini nilikuwa nimechoka.

Ijumaa, 13 Juni

Leo Espe ndiye aliyepiga. Aliongea polepole, kama mtu aliyeandaa maneno usiku kucha.

"Papa Bahati, wewe unabeba magunia, uko na mabega mawili. Moja ikiuma unahamisha kwa ingine. Mimi niko na tumbo moja tu."

Nikamwambia watu wote wanasema uchungu ni bora.

"Hao watu balikuwa wapi zile siku mbili?"

Mimi nilikuwepo zile siku mbili. Nilikaa nje ya wodi, kwenye benchi. Nilimsikia akilia mpaka sauti ikaisha.

Nikamwambia tumbo ni lake. Nilisema kwa hasira. Hakuniomba niseme vizuri. Basi ni kisu cha Jumatatu. Jumapili analazwa.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua imenyesha juu ya mpunga uliokatwa. Mwezi huu mvua haina kazi hapa. Tumegeuza turubai mchana kutwa. Kapita anatulaumu sisi, kana kwamba tulikojoa sisi toka mawinguni.

Mamakwe kapiga, mtamu kama asali. Kaniuliza kama nakula vizuri. Kaniita mwanangu. Habari ya kisu hakuigusa kabisa. Sikupenda. Yule mama akiwa mtamu kuna kitu amekificha chini ya kitenge.

Jumapili, 15 Juni

Tulikuwa uwanjani tunaanika mpunga. Mamakwe akapiga. Kasema wameshafika hospitali, Espe anapokelewa, na uchungu umemshika njiani, kwenye pikipiki, kabla ya lami. Alikuwa anafurahi. Nikauliza umemshikaje. Akashusha sauti, kama tunaiba pamoja.

"Utulie, mukwe wangu. Nilisha mupatia dawa ya majani asubuhi, ndani ya chai. Akifika mulango umeisha funguka, kisu kitafanya nini?"

Kwetu wanawake wanajua hilo. Unakunywa majani nyumbani, uchungu unakuja kwa nguvu, unafika hospitali ukiwa tayari, na hakuna atakayekutisha kwa kisu. Wengi wamefanya. Lakini wengi hao hawana kovu. Na Espe hakuambiwa. Aliambiwa ni chai ya kumpa nguvu.

Nikamuuliza kama amewaambia wauguzi. Kasema mimi ni mjinga, nani anawaambia wauguzi mambo kama hayo, wanagomba. Nikamwambia mpe simu muuguzi. Akakata. Nikapiga, akakata. Nikapiga tena, akazima.

Alidhani niko upande wake. Siku mbili nilikuwa upande wake kweli.

Namba ya mshauri wa afya wa kijiji chetu ninayo. Ni Maman Rehema, ndiye aliyemsindikiza Espe. Alikuwa amekwenda kununua sabuni ya mgonjwa. Nilimweleza yote uwanjani, mbele ya watu: majani, chai, asubuhi, kovu. Nilimtaja mamakwe kwa jina lake. Nikamwambia kimbia. Nilimsikia akikimbia, ndala zake zikipiga chini, simu ikiwa bado wazi mkononi.

Kisha nikakaa juu ya mpunga. Kapita alikuja kunifokea. Papa Neema akamwambia kitu kwa Kinyarwanda, sijawahi kumsikia akiongea hivyo na mkubwa. Kapita akaenda zake.

Maman Rehema alipiga jua likiwa limeshageuka. Muuguzi alifikiri ni uchungu wa kawaida unaoanza, alikuwa amemwambia Espe atembee kidogo. Aliposikia majani akamwita daktari mbio. Wakamuingiza chumba cha upasuaji saa ile ile. Kovu lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi, upande mmoja limeanza kuachia.

Msichana. Analia. Espe yuko hai.

Nilitoka nikaenda kwenye mfereji, nikanawa uso.

Jumatatu, 16 Juni

Kazi. Nilivunja mpini wa mundu kwa hasira. Ningekuwa Rubavu sijui ningevunja nini.

Jumatano, 18 Juni

Espe kaongea nami, sauti ndogo. Anakohoa na kidonda kinamuuma. Kaniuliza kama nilijua habari ya chai kabla. Nikasema hapana. Kaniuliza mara ya pili, ndipo akaamini. Hiyo mara ya pili imenikaa kifuani.

Mamakwe hataki kutamka jina langu. Anasema nilimvua nguo mbele ya wauguzi. Sawa. Nilimvua, na ningemvua tena. Lakini Maman Rehema anasema ndiye anayefua nguo zenye damu, ndiye anayelala sakafuni kando ya kitanda, na hali chakula.

Sijui nifanye nini na habari hiyo. Bado namchukia.

Ijumaa, 20 Juni

Jana wameruhusiwa. Espe yuko nyumbani.

Jumapili ni siku ya nane, siku ya kumpa mtoto jina. Watoto wa jirani watapewa vijembe, watalima kipande kidogo mbele ya nyumba, kisha watakula kwenye ungo mmoja na kila mmoja atampa mtoto jina. Majina ya kuchekesha, kama kawaida yao. Linalobaki ni la baba, na baba anatakiwa awepo. Mamakwe pia atakuwepo, ndiye anayepika maharage ya hao watoto.

Nimemwambia kapita naondoka. Kasema nisirudi kuomba mundu kwake. Nikamrudishia mundu.

Papa Neema kanipa sambaza kavu, visamaki vya ziwani, kwenye karatasi, za Espe. Kasema zinaongeza maziwa. Leo hakutania.

Mfereji unasikika kutoka hapa. Hakuna anayekoroma bado.

Jina ninalo. Sijamwambia mtu.

Kesho alfajiri napanda gari Kamembe. Jioni nitakuwa nyumbani.